Simu Isiyolia Kacha

Dobashi aliponiletea hii simu aliniambia neno moja tu: haisemi.

Nikamwuliza haisemi vipi. Akainyanyua, akanielekezea usoni, akabonyeza. Nikangoja. Kimya. Akageuza kioo nikajiona mdomo wazi kama samaki wa sokoni, kofia ya kazi imekaa upande.

Simu za kwetu, hata ununue ya bei gani, ukipiga picha inalia. Kacha. Huwezi kuizima. Ziba spika kwa kidole, fungia kwenye soksi, italia tu, na behewa zima litageuka kukutazama. Waliziweka hivyo kwa ajili ya wale wanaume wa kupiga picha chini ya sketi za wasichana kwenye ngazi. Dobashi alikaa Hong Kong miaka miwili akibeba mizigo ghalani, akarudi na hii. Ni ileile iliyojaa madukani hapa Kawasaki, rangi ileile, kamera tatu mgongoni. Ila hii ni bubu.

"Kama ni nzuri hivyo unaiuza ya nini?"

"Nimepata mchumba. Anasema mwanamume mwenye simu bubu ana jambo."

"Mimi sina mchumba."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe, Shunpei."

Nikaichukua. Yangu ya zamani ilikuwa imeanguka wiki ile. Sisi kazi yetu ni kufunga mabomba nje ya majengo ili mafundi wapande. Nilikuwa ghorofa ya tano, nikainama, ikatoka mfukoni. Niliisikia ikifika chini. Picha zote zilikufa humo, maana mimi siyo mtu wa kuhifadhi vitu pembeni.

Sasa nikuambie uzuri wake, maana siwezi kuisema vibaya tu. Kamera yake inaona gizani kuliko mimi. Nimepiga mwezi kutoka juu ya mabomba na mashimo yake yakaonekana. Kioo hakichuniki, nimekibeba mfuko mmoja na spana. Na betri. Dobashi aliniapia betri inakaa siku mbili, kwangu inakaa tatu. Nilifurahi mpaka nilipokaa nikafikiri. Yeye anapigiwa na mchumba, na mama yake, na dada zake. Mimi humo ndani nina namba nne. Moja ni ya Dobashi, moja ni ya Murakoshi, msimamizi wetu, moja ni ya mwenye chumba. Ya nne ni ya Bibi, na Bibi ana ile simu nyeusi ya kwenye kimeza cha korido, ya kuzungusha kidole.

Ubaya wake niliujua siku ya tatu.

Tulikuwa tunakula mchana chini ya turubai. Nikainyanyua simu kupiga mawingu, yalikuwa yamejipanga vizuri. Murakoshi alikuwa amekaa upande uleule, anatafuna.

"Umenipiga?"

"Hapana, bosi. Napiga mawingu."

"Sijasikia kitu."

"Hii hailii."

Akaacha kutafuna. "Sasa nitajuaje kama hujanipiga?"

"Si nimekwambia."

"Umeniambia," akasema. Wenzangu wakacheka, lakini kuanzia siku hiyo nikiitoa watu wanageuza shingo. Hakuna aliyegomba. Walikuwa tu wanahama kidogo. Hata kwenye duka la tambi ninakokula jioni, mama wa pale aliniona nalipiga picha bakuli langu bila mlio, akaniangalia, akaenda kusimama kwenye masufuria mpaka nikamaliza. Ile ya zamani ikilia kacha alikuwa anasema, "Leo umelipenda, eh?" Ndiyo maneno pekee niliyokuwa nasemeshwa baada ya kazi. Sikujua kwamba nilikuwa nayahesabu.

Basi Novemba, Jumapili, Bibi akapiga.

"Shun. Tarehe ishirini naenda."

"Unaenda wapi?"

"Kwa wazee wenzangu. Nafasi imetoka. Yule mama wa manispaa ameshanipangia kitanda, anasema ni cha dirishani. Sijui dirisha la nini kwangu." Akakohoa. "Njoo kabla. Nataka picha."

"Picha gani?"

"Ile ya juu."

 Nyumbani kwetu Akita, kwenye chumba chenye kabati la marehemu, pale tunapowawekea wali, juu kabisa ukutani kuna picha za waliokufa, zina fremu nyeusi. Unakula wanakuangalia. Nimekulia chini ya macho hayo. Mama alinizaa, akaolewa Sendai na mtu asiyetaka mtoto wa mwingine, nikabaki na Bibi. Kwa hiyo nikisema nyumbani nina maana ya hapo.

"Bibi, bado sana hiyo."

"Babu yako pia alikuwa bado sana. Ukaona walichomfanyia."

Nilikiona. Babu alikufa ghafla, hakuna aliyekuwa na picha yake peke yake. Wakakata kichwa chake kwenye picha ya safari ya kiwandani, walipokwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji ya moto, wakakikuza mpaka kikawa kama kinaonekana kwenye ukungu. Alikuwa amevaa taulo shingoni, wakamchorea koti na tai ambazo hakuwahi kuwa nazo. Na upande wa kushoto, kwenye kona, wakasahau bega la mwenzake.

"Miaka kumi na tisa," Bibi akasema, "kila asubuhi nampelekea wali babu yako na Sugawara wa bohari. Mimi sitaki bega la mtu. Nataka uso wangu mwenyewe. Nikienda huko niwe nao kwenye bahasha, pamoja na nguo zangu."

"Si kuna studio pale stesheni."

"Imefungwa toka mwaka juzi. Wewe unapigaga vizuri. Njoo."

Nikaomba siku mbili kwa Murakoshi, nikapanda treni.

Nyumba ilikuwa imeshakondeshwa. Makabati wazi, maboksi ukutani. Novemba kwa kawaida kile kibanda cha nyuma kinakuwa kimejaa figili zinaning'inia juu ya moshi, harufu inakupokea toka barabarani. Safari hii kulikuwa na kamba tupu. Bibi alikuwa amekaa kwenye meza ya joto, ile yenye hita chini yake, miguu chini ya blanketi, amevaa lile koti la zambarau la harusi za watu. Alikuwa amejipaka rangi ya mdomo kwa kupapasa, ikapita pembeni kidogo.

Aliposikia mlango alizungusha uso kuelekea jikoni.

Nilidhani kuna mtu jikoni. Kumbe ananiangalia mimi. Macho yake yameharibika katikati. Daktari aliniambia kwenye simu nikaitikia tu, sikuelewa. Pale katikati anapotaka kuona pana shimo, kinachobaki ni pembeni. Kwa hiyo akitaka kukuona lazima atazame kwingine, kama kuku.

"Umechelewa, chai imepoa."

"Treni ilisimama kwa ajili ya upepo."

"Upepo kila mwaka upo. Kaa."

Nikakaa. Nikanywa chai baridi. Nikamfuta ile rangi iliyozidi kwa kidole gumba. Haikutoka yote.

"Haya," akasema, "piga kabla uso haujashuka."

Sasa nikwambie jinsi Bibi alivyo kwenye picha. Ile simu yangu ya zamani ilikuwa na picha zake labda arobaini, na zote zilikuwa jozi. Ya kwanza anakaza uso kama yuko polisi. Simu inalia kacha. Akishasikia anashusha pumzi, mabega yanalegea, anasema, "Haya, nishakufa," halafu anacheka ile ya kutoka tumboni mpaka macho yanapotea. Hapohapo ndipo nilikuwa napiga ya pili. Ya pili ndiyo Bibi. Ya kwanza ilikuwa ni ya kumtoa tu. Mimi sikuwa najua kama ndivyo ninavyofanya, mkono ndio ulikuwa unajua.

Akakaa wima, kidevu ndani, midomo imebana. Uso ameuelekeza kwenye sauti yangu, macho hayapo popote. Nikabonyeza.

Kimya.

Akaendelea kubana. Nikaona kamshipa ka shingoni kanacheza.

"Bado?"

"Tayari, Bibi."

"Sijasikia."

"Hii hailii. Nimeshapiga."

"Aa." Akalegea, lakini siyo kule kulegea kwake. Alilegea kama mtu aliyekuwa anangoja basi akaambiwa lilipita zamani. Nikapiga hiyo nayo. Nikaangalia. Mama mmoja mzee amechoka, basi.

"Turudie."

Tukarudia. Safari hii nikamwambia "tayari" mapema. Akashtuka. Tukarudia. Nikahesabu moja mbili tatu, akafumba macho kwenye tatu. Nikapiga kumi na saba. Kila moja kali, unahesabu mpaka nyuzi za koti, unaona poda iliyojaa kwenye mikunjo ya shavu. Hii kamera sijui nani aliitengeneza, inaona kila kitu. Nilimpata mwanamke anayengoja mara kumi na saba.

"Kwani hiyo simu ni nzuri?" akauliza.

"Ni nzuri sana. Gizani inapiga. Haipasuki."

"Na haisemi."

"Haisemi."

Akapapasa kikombe chake, akakipata, hakunywa. "Nionyeshe." Nikamsogezea kioo karibu na sikio, pale pembeni anapoona. Akageuza kichwa huku na huku. "Naona kitu cha zambarau. Kinaweza kuwa mimi, kinaweza kuwa bilinganya."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unajua, Shun, ule mlio ulikuwa wangu. Nikiusikia najua mwenyewe kwamba nimepigwa, imekwisha, naweza kupumua. Hii nayo lazima nikuamini wewe." Akaweka kikombe chini. "Na wewe nilishakuamini."

 Nilijua anataja nini.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliacha shule. Lakini niliacha peke yangu, sikumwambia mtu. Kwa miezi miwili kila asubuhi nilivaa sare, nikachukua chakula alichonifungia, wali na yai na vipande vinne vya figili ya moshi, nikaenda kukaa mtoni, chini ya daraja la reli, mpaka saa tisa. Jioni ananiuliza leo mmesoma nini, namwambia hesabu. Namwambia historia. Siku moja nilimwambia nimesifiwa, akaenda kumwambia Babu kwenye kabati. Halafu mwalimu akaja nyumbani na fomu za kufuta jina.

Hakugomba. Asubuhi yake aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akafunga chakula, akakiweka mezani. "Kula hapahapa," akasema. "Usikibebe mpaka mtoni kikapoe." Nilikula. Wiki iliyofuata nikapanda treni ya Kawasaki. Hiyo ni miaka sita, na hatujawahi kuligusa. Mpaka hii simu.

Nilitamani kutoka nje. Mimi nikibanwa natoka, ndivyo nilivyo. Lakini treni ya kunirudisha ilikuwa saa nane, na tarehe ishirini ilikuwa keshokutwa. Nilijaribu kutafuta mlio kwenye mtandao niupakue. Pale kwa Bibi mtandao unaupata ukisimama juu ya ndoo kibandani, na siku hiyo hata juu ya ndoo haukuwepo. Jirani wa kumwomba simu hakuna, nyumba tatu za karibu zote zimefungwa mbao. Nikarudi ndani. Alikuwa amekaa vilevile, wima, kama vile alijua nitarudi, au kama vile hakujua kama nimetoka.

"Umo?"

"Nimo."

"Sema basi ukiingia. Mimi sioni miguu."

Nikapiga magoti mbele yake, nikanyanyua simu. Akabana midomo. Kidevu ndani.

Nikafanya kwa mdomo: "Kacha."

Akashusha pumzi. Mabega yakalegea. "Haya, nishaku..." Akasimama hapohapo. Nyusi zikapanda. "Wewe. Huo ni mdomo wako."

"Ni simu."

"Simu gani ina mate? Yamenirukia."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, macho yakapotea, lile jino la pembeni lenye chuma likaonekana, koti la zambarau likatikisika lote. Kwa nguvu hivyo sijamsikia tangu nilipokuwa mtoto. Nyumba nzima ile tupu ikajaa. Nikamwangalia mpaka kicheko kikaisha, akafuta macho kwa mkono.

"Umeipata hiyo?"

Nikaangalia simu. Kidole changu kilikuwa pembeni ya kitufe. Sikuwa nimebonyeza.

Ngoja nikuambie ukweli wa ile dakika. Nilikuwa na picha kumi na saba mkononi. Ningeweza kusema ndiyo, nimeipata, imetoka safi sana. Angeamini. Haoni. Angeiweka kwenye bahasha akalala vizuri huko kwa wazee wenzake. Na siku ambayo ingetundikwa, yeye ndiye mtu pekee ambaye asingeiona. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Sikubonyeza," nikasema.

"Hukubonyeza?"

"Nilikuwa nakuangalia."

 Nje upepo ulikuwa unagonga ule mlango wa kibanda. Nikangoja aniambie nimekuwa mjinga vilevile, maana ningekuwa yeye ningesema.

Badala yake akageuza uso polepole kuelekea dirishani. Macho yakahama kabisa kutoka kwangu, yakaenda kule kwenye bustani yenye mti wa matunda ya persimoni, na hapo nikajua ananitazama. Alinitazama muda mrefu. Midomo haikubana. Haikucheka pia.

"Naona mtu mrefu," akasema. "Umekonda. Huli huko."

Nikabonyeza.

"Nimepiga sasa hivi," nikasema. "Hii nimepiga kweli."

"Sawa."

Basi. Hakusema hajasikia. Hakutaka nimsogezee kioo. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akapata kikombe changu, akanyanyuka kwenda kuchemsha maji mengine, kwa sababu alisema hawezi kuniacha niondoke na chai ya baridi tumboni. Kwenye treni nilifungua ile picha mara nyingi sana. Betri ilishuka mpaka sabini, na hiyo kwangu ni rekodi.

Kawasaki nikaipeleka duka la kuchapisha. Kijana wa pale akaikuza kwenye kompyuta yake.

"Bibi hajatazama kamera, kaka. Huna nyingine?"

"Ninazo kumi na saba."

"Zilete basi. Au hii naweza kumgeuza macho, siku hizi ni dakika moja tu. Na hapa mdomoni rangi imevuka, nitaisafisha. Nyuma tunaweka bluu."

"Usiguse."

"Hata rangi?"

"Chapa kama ilivyo."

Akaniangalia kama vile Murakoshi anavyoniangalia. Akachapa. Nikaituma kwa posta, bahasha ngumu, anwani ya huko alikohamia.

Baada ya siku sita, jioni, namba nisiyoijua ikapiga. Nilikuwa chumbani nakula tambi za kikombe.

"Shun. Ni mimi. Natumia simu ya ofisi, nyuma yangu kuna foleni."

"Imefika?"

"Imefika. Msichana wa hapa kaifungua. Anasema imetoka vizuri, lakini eti natazama pembeni. Ananiuliza, Bibi Kinu, kulikuwa na nini huko?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kulikuwa na mtu mrefu." Nyuma yake nikasikia mzee mmoja ananung'unika. "Haya, huyu anataka kumpigia mwanawe, hata hapokelewi lakini anataka. Kula vizuri."

Akakata.

Nikakaa na simu mkononi. Tambi zilikuwa zimevimba. Nikaangalia juu, kwenye kona ya kioo, pale kwenye betri: tisini na nne. Leo Jumatatu, itanifikisha Alhamisi.